Nani Aliandika Habari za Mpagazi?



Katika mazungumzo yetu na wenzetu wa maghala ya tumbaku, Arua na Koboko, neno moja lilirudi kila mara: kukatwa mshahara. Mwenzetu mmoja alikatwa siku tatu ambazo alikuwa kazini tangu asubuhi mpaka jioni. Alipokwenda kuuliza, karani alifungua kitabu chake, akaonyesha mahali pasipo na alama, na maneno yakaishia hapo. Mwenye kitabu ndiye aliyeaminiwa. Mwenye jasho alirudi nyumbani mikono mitupu.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa habari ya zamani, iliyotokea hapa hapa kwetu.

Mwaka 1890, enzi ya Malkia Victoria, maduka ya vitabu ya London yalijaa habari za nchi hii ya Nile. Sababu yake ilikuwa Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya serikali ya Misri. Makao yake yalikuwa Wadelai, ukingoni mwa Nile, na ngome yake nyingine ilikuwa Dufile. Zote mbili zimo katika West Nile ya leo. Vita vya Mahdi kule Sudani vilimfungia njia ya kaskazini, na huko Uingereza zikachangwa fedha za kwenda kumwokoa. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa William Mackinnon, tajiri wa meli, ambaye kampuni yake ilipata hati ya kifalme mwaka 1888 ili ishike nchi za Afrika Mashariki. Basi tusidhani kwamba safari ile ilikuwa ya huruma tupu.

Kiongozi wa msafara alikuwa Henry Morton Stanley. Lakini mizigo ilibebwa na nani? Mwezi wa Februari 1887 aliandika Unguja wapagazi zaidi ya 600. Wengi wa wapagazi wa Unguja siku zile walikuwa watumwa, na mshahara wao uligawanywa na mabwana zao. Walipakiwa melini, wakazungushwa Afrika ya kusini mpaka mlango wa mto Kongo, kisha wakapanda bara na kuingia msitu wa Ituri. Walibeba risasi, vitambaa, na hata mashua ya chuma iliyofunguliwa vipande vipande. Njaa, vidonda, homa na mishale viliwamaliza njiani. Waliobakizwa nyuma, kambi ya Yambuya, walikula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, wakafa kwa makumi. Sisi wa West Nile tunajua muhogo: mama yeyote wa Koboko angewaambia waulowekwe kwanza. Lakini mpagazi aliyechoka, mwenye njaa na anayeogopa kiboko, huloweka saa ngapi?

Msafara ulifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Zaidi ya nusu ya wale waliotoka Unguja hawakurudi.

Ndipo vitabu vikaanza. Stanley alikaa Cairo miezi michache akaandika kitabu chake, In Darkest Africa, kikatoka mwaka 1890 katika majuzuu mawili. Jephson, msaidizi wake aliyefungwa Dufile pamoja na Emin wakati askari walipoasi mwaka 1888, akatoa chake. Daktari wa msafara, Parke, akatoa chake mwaka 1891. Kisha ukatokea ugomvi: nani mwenye makosa ya vifo vya Yambuya? Meja Barttelot, mkuu wa kambi ile, alikuwa ameuawa. Ndugu yake akapiga chapa shajara zake ili kumtetea. Jameson alikufa kwa homa. Mjane wake akafanya vivyo hivyo. Kila bwana alipata wakili wa karatasi.

Na wapagazi? Wachache wametajwa, kama Uledi, aliyekuwa hodari wa mashua, na mwindaji aliyeitwa Saat Tato. Waliobaki ni hesabu tu: wazima wangapi, wagonjwa wangapi, wamekufa wangapi. Hawakuwa na ndugu mwenye mtambo wa chapa.

Tuangalie na bei. Kitabu cha Stanley kiliuzwa shilingi 42 za Kiingereza. Mshahara wa mpagazi ulikuwa kama dola 5 kwa mwezi, kwa hiyo mtu aliyebeba safari ile kichwani angehitaji karibu mishahara ya miezi miwili ili akinunue. Na huko London kwenyewe, makuli wa bandari waligoma Agosti na Septemba 1889 ili wapate peni 6 kwa saa badala ya 5. Walishinda. Hata baada ya ushindi huo, kuli angefanya kazi saa 84 kwa kitabu kimoja. Mpagazi wa Unguja na kuli wa London hawakujuana, lakini kitabu kile kiliwafungia mlango wote wawili.

Lakini enzi ile ile ilitoa karatasi za namna nyingine. Juni 1888 Annie Besant aliandika katika gazeti dogo, The Link, habari za wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May: mishahara yao midogo na faini walizotozwa. Aliwauliza wenyewe, akaandika waliyosema. Wakubwa wa kiwanda waliwataka wasichana waseme kwamba ni uongo, wakakataa. Julai wakagoma, karibu 1,400, faini zikafutwa, na wakaunda chama chao. Makala moja ya gazeti dogo ilifanya kazi ambayo majuzuu mawili ya shilingi 42 hayakuifanya.

Na Waswahili nao hawakunyamaza. Mwaka 1901, mwaka ambao Victoria alifariki, kilipigwa chapa Ujerumani kitabu Safari za Wasuaheli. Ndani yake yumo Selim bin Abakari, mtumishi aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akasimulia aliyoyaona kwa Kiswahili chake mwenyewe. Mtumishi ameshika kalamu, na mpaka leo tunamjua kwa jina.

Ndugu zetu, hatumwambii kila mtu aandike kitabu. Tunasema hivi: nunua daftari la shule. Kila jioni andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, magunia uliyobeba, na kila senti uliyokatwa. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake, na wawili watie sahihi. Usitie dole gumba katika karatasi ambayo hujasomewa.

Yule mwenzetu wa siku tatu hakulipwa. Mwaka uliofuata, mwingine katika ghala lile lile alikatwa siku mbili. Akaenda kwa karani na daftari lake, mwakilishi wa chama akiwa pembeni. Vitabu viwili vikawekwa juu ya meza moja. Akalipwa.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho ni mali.