Choo Kinachoziba Hakiokoi Maji

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya, ilhali vitabu vyetu vya fiqhi hulitanguliza kabla ya mlango wa Sala: tahara, na mahali pake pa kila siku, yaani choo.

Katika kuwazuru ndugu zetu wa Busia na Malaba, mpakani mwa Uganda, tumekuta familia zenye asili ya Pwani, zilizofuata kazi za malori yatokayo bandari ya Mombasa na shughuli za forodha. Kaunti ya Busia ina sifa yake: mwaka 2015 ilitangazwa kuwa ya kwanza nchini Kenya kuachana na kwenda haja vichakani. Lakini katika nyumba za kupanga, kina mama wana lalamiko jingine: choo kipo, tena kinameta, ila kinaziba.

Ni choo cha kukalia chenye tangi dogo, kilichonunuliwa kwa nia ya kubana maji. Kinatumia lita 6 kila kinapovutwa, lakini uchafu hauondoki mpaka kivutwe mara 3. Hizo ni lita 18, karibu mtungi mzima wa lita 20. Na mfereji ukikauka, mtungi huo hubebwa na mama au binti. Maji yakifurika, najisi hutapakaa sakafuni, nguo huingia shaka, na wakati wa Sala unapita.

Wamarekani nao yaliwafika. Kwa sheria ya mwaka 1992, vyoo vipya vya majumbani kuanzia 1994 havikuruhusiwa kuzidi lita 6, badala ya lita 13 hivi za awali. Vingi vya mwanzo vilipunguziwa maji bila kubadilishwa umbo, vikawa vinaziba. Dawa ilikuwa kupanua njia ya uchafu, kuilainisha kwa ndani, na kuyaachia maji yashuke kwa kasi. Tangu 2003, wapimaji wa Canada na Marekani hutumia rojo la soya kujua choo husukuma gramu ngapi kwa mara moja. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kazi yake.

Basi kabla ya kununua kingine, pima. Mimina ndoo ya lita 10 kwa mkupuo mmoja. Yakishuka vyema, udhaifu huenda uko kwenye tangi au bakuli. Fundi atazame kwanza kama tangi linajaa hadi alama yake. Yakirudi juu, au yakitokea kwenye tundu la bafuni, bomba au shimo ndilo lenye kasoro, na choo kipya hakitafaa kitu. Bomba liwe la inchi 4, lenye mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Dukani, chagua chenye njia pana na laini. Visodo, nepi na vitambaa viwe na pipa lake.

Na pale maji yanapobebwa kwa mitungi, choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji kwa mkono hutosheka na lita 2 au 3. Si unyonge kukirudia.

Fundi anapoweka kipya, mwelekezeni. Kibla cha Busia ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) amesimulia kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vimeelekezwa Kibla, wakawa wanajipinda na kuomba maghufira. Katika madhehebu yetu ya Shafi ndani ya jengo pana ruhusa, lakini kuepuka ni bora, na wakati wa kuepuka ni kabla saruji haijakauka.

Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja ya maji, kadiri ya yanayojaa viganja viwili, na udhu wake ulikuwa kamili. Huko ndiko kubana maji: machache yenye kutimiza. Machache yasiyotimiza ni israfu iliyovaa kanzu ya uangalifu. Enyi waume na wenye nyumba, kabla ya kubadilisha makochi ya wageni, kaulizeni kina mama hali ya choo.