Kupimwa Kabla ya Kuumwa: Huduma ya Muuguzi kwa Afya ya Kizazi na Matiti

Katika Kata ya Mchikichini siku huanza mapema. Jua halijachomoza, wanawake wengi wamekwisha kufungua marobota ya mitumba sokoni Karume, kuinjika chai ya kuuza, au kuelekea Kariakoo kufuata bidhaa. Kwa mwenye ratiba ya namna hiyo, kituo cha afya ni mahali pa kwenda anapoumwa. Asiyeumwa haoni sababu ya kufunga biashara. Mazoea hayo huweza kufaa kwa homa au jeraha. Kwa saratani ya mlango wa kizazi na saratani ya matiti, ambazo ndizo zinazowapata wanawake wengi zaidi nchini, mazoea hayo ni ya hatari, kwa kuwa maradhi haya huanza bila maumivu.

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa, karibu mara zote, na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani, na kwa kawaida mwili huviondoa wenyewe. Vinapodumu, hubadili chembe za mlango wa kizazi polepole. Safari ya kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofu, kama anayeishi na VVU bila tiba, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda huo wote mwanamke hajisikii mgonjwa, na ndio muda ambao muuguzi anaweza kuuzuia ugonjwa usitokee.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Muuguzi mkunga aliyefunzwa huweka kifaa cha kupanulia uke, hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja hivi na kutazama. Sehemu yenye chembe zilizobadilika hugeuka nyeupe. Hakuna kukatwa wala kuchomwa sindano, na majibu hutolewa papo hapo. Anayekwenda kupimwa hutakiwa asiwe katika hedhi, na kwa siku moja kabla yake asijamiiane wala kujisafisha ndani ya uke.

Weupe huo si saratani. Ni dalili ya mabadiliko yanayotibika. Mara nyingi muuguzi huyo huyo huweza kuyaondoa kwa tiba mgando au kwa joto, na mwanamke akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hutokwa na majimaji kwa wiki chache, na hushauriwa kuacha kujamiiana kwa takriban wiki 4 ili kidonda kipone. Anayeonekana kuwa na hali inayotia shaka zaidi hupewa rufaa.

Kipimo cha siki huwahusu hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miaka 3. Anayeishi na VVU huanza mapema na hupimwa mara nyingi zaidi. Baada ya hedhi kukoma, sehemu inayotazamwa huingia ndani isionekane vizuri, hivyo muuguzi hushauri kipimo kingine. Kutokwa na damu baada ya kujamiiana au baada ya hedhi kukoma hakungoji zamu ya kipimo: ni dalili ya kwenda kituoni mara moja.

Katika ziara hiyo hiyo muuguzi huweza kuchunguza matiti na makwapa kwa mikono. Hutafuta uvimbe, ngozi iliyobonyea au kukunjamana, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, na damu inayotoka kwenye chuchu. Vimbe nyingi si saratani, lakini mikono peke yake haitoshi kuamua. Hupigwa picha na, inapobidi, huchukuliwa kinyama kwa uchunguzi. Uvimbe usiouma usichukuliwe kuwa salama, kwa maana saratani ya titi mara nyingi huanza hivyo.

Wengi huzuiwa na aibu, au na hofu ya mume kudhani kwamba wamekosa uaminifu. Virusi vya HPV huweza kukaa mwilini miaka mingi, hivyo kuonekana kwake si ushahidi dhidi ya yeyote kati ya wanandoa. Kipimo hufanyika faraghani, majibu ni siri, na ridhaa inayohitajika ni ya mwanamke mwenyewe. Anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike.

Kwa mabinti kuna kinga ya mapema zaidi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu Aprili 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu, bila malipo. Mama aliyechanjisha binti yake bado anahitaji kupimwa yeye mwenyewe.

Faida ya kazi hii imethibitishwa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini mjini Mumbai, India. Huko wahudumu wa afya wa kike waliofunzwa walipima wanawake kwa siki kila baada ya miaka 2, na vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vikapungua kwa asilimia 31. Walichohitaji ni mafunzo, siki, taa, na wanawake waliokubali kuja wakiwa wazima.

Mkazi wa Mchikichini anaweza kuanza kwa kuuliza katika kliniki ya afya ya uzazi na mtoto ya kituo kilicho karibu naye ni siku gani kipimo hufanyika. Uchunguzi wa saratani hizi mbili hufanyika pia katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Asubuhi moja ya kufunga meza katika miaka 3 ni hasara ndogo. Matibabu ya saratani iliyokomaa huifunga meza hiyo kwa miezi, na pengine isifunguliwe tena.