Ghana: Benki zilipobebeshwa deni la serikali

Kati ya 2017 na 2019 Benki Kuu ya Ghana ilifyeka sekta ya benki bila huruma. UT Bank na Capital Bank zilifungwa Agosti 2017. Mwaka uliofuata benki tano zikaunganishwa kuwa Consolidated Bank Ghana. Mtaji wa chini ukapandishwa kutoka cedi milioni 120 hadi milioni 400, zikabaki benki 23. Fedha zao nyingi zikawekwa pale ambapo kila mtu alisema hakuna hatari: hati fungani za serikali.

Hatari ilikuwa humo humo. Mwaka 2022 wakopeshaji wa nje walifunga milango, cedi ikaporomoka na mfumuko wa bei ukafika asilimia 54.1 mwezi Desemba. Serikali ilikuwa imetegemea tozo ya asilimia 1.5 kwenye miamala ya simu, nayo ilileta sehemu ndogo tu ya kilichotarajiwa (Watanzania waliokatwa tozo kama hiyo mwaka 2021 hawahitaji kusimuliwa). Julai serikali ikabisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, baada ya kuapa kwamba haiendi.

Tarehe 5 Desemba ukaja mpango wa kubadilisha deni la ndani: rudisha hati yako ya zamani, upewe mpya yenye riba ndogo itakayoiva miaka mingi baadaye. Vyama vya wafanyakazi vilitishia mgomo, mifuko ya pensheni ikaondolewa kwenye mpango. Wastaafu walipiga kambi wizara ya fedha mjini Accra, akiwemo Sophia Akuffo, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, na wasiorudisha hati zao wakaachwa nazo. Benki hazina mabango. Riba yao ilishuka kutoka wastani wa karibu asilimia 19 hadi 9, na malipo ya mwisho yakasogezwa hadi 2038. Benki Kuu yenyewe iliandika hasara ya cedi bilioni 60.8 kwa mwaka 2022.

IMF iliidhinisha dola bilioni 3 Mei 2023. Wawekezaji wa nje wenye hati za dola walijadiliana hadi 2024, wakakubali kukatwa asilimia 37. Aliye karibu alikamuliwa kwanza; wa mbali alipata muda wa kubishana.

Kama hatua ya kuzima moto, mpango ulifanya kazi, na benki nyingi zilirudi kwenye faida 2023. Ila faida hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye dhamana za muda mfupi za serikali, ambazo mpango haukuzigusa. Mteja ni yule yule. Kilichofupishwa ni muda wa kumwamini. Mfanyabiashara wa Kumasi anayetafuta mkopo bado anashindana na hazina ya taifa lake.

Nawe uliyeweka akiba benki Nairobi au Dar es Salaam, angalia ni sehemu gani ya mali za benki yako ni deni la serikali. Jibu limo kwenye hesabu inazochapisha kila robo mwaka.