Kujenga Linux kwa msimbo asilia: Kosa la kwanza ndilo lenye jibu

Kuujenga mfumo endeshi wa Linux kuanzia msimbo wake asilia, na kuiachia kompyuta iifanye kazi hiyo yenyewe, ni njia mojawapo ya kujua kilichomo ndani ya mashine. Lakini kazi inapokwama usiku wa manane, ujumbe unaoonekana mwisho kwenye kioo mara nyingi si ule unaoeleza chanzo cha tatizo.

Mwongozo unaojulikana zaidi wa kazi hii ni Linux From Scratch, ulioanzishwa mwaka 1999 na Gerard Beekmans. Humwelekeza msomaji kujenga takriban vifurushi 80, kimoja baada ya kingine, hadi apate mfumo unaojitegemea. Kwa kuwa kuandika amri zote hizo kwa mkono huchosha, ipo zana iitwayo jhalfs, ambayo husoma mwongozo, huzichomoa amri zake na kuzigeuza kuwa skripti zinazoendeshwa kwa mfuatano na programu ya make.

Skripti isiyojua kusimama

Binadamu akiona amri imeshindwa husita. Skripti ya Bash, isipoagizwa kusimama, huendelea na amri inayofuata. Kifurushi kilichoshindwa kujengeka kikiachwa nyuma, kile kinachokitegemea huanguka saa kadhaa baadaye, na mchunguzi huanza kumsaka mkosaji mahali asipokuwepo. Dawa yake ni kuweka agizo la set -e mwanzoni mwa skripti, ili kazi isimame papo hapo.

Hata hivyo, agizo hilo lina pengo. Wajenzi wengi huelekeza matokeo ya make kwenye programu ya tee ili yahifadhiwe katika faili ya rekodi. Hapo Bash hupima mafanikio ya amri ya mwisho katika mnyororo, yaani tee, ambayo karibu kila mara hufaulu. Make inaweza kuwa imeanguka, na skripti ikaendelea kana kwamba yote ni salama. Agizo la set -o pipefail huliziba pengo hilo.

Kazi ikishasimama, rekodi husomwa kuanzia pale kosa la kwanza lilipotokea. Make inapoendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, ujumbe wa kazi hizo huchanganyika, na kosa halisi huweza kuzikwa mamia ya mistari juu ya mstari wa mwisho. Kukijenga upya kifurushi hicho kwa agizo la make -j1 huupanga ujumbe kwa zamu. Kosa likitoweka kwa njia hiyo, yumkini hati za ujenzi hazikueleza vyema ni sehemu ipi itangulie, au mashine ilikuwa imeelemewa.

Kasoro iliyo nje ya msimbo

Kabla ya kuulaumu msimbo, mashine mwenyeji nayo huchunguzwa. Mwongozo unataka njia ya /bin/sh ielekee kwenye Bash, ilhali Ubuntu imekuwa ikitumia Dash mahali hapo tangu mwaka 2006. Mwongozo wenyewe una skripti fupi ya kukagua mambo hayo pamoja na matoleo ya zana zinazohitajika, na ni busara kuiendesha kabla ya hatua yoyote.

Kompaila ikizimwa ghafla bila kutaja mstari wowote wenye kasoro, mara nyingi ni kiini cha Linux kilichoizima kwa sababu RAM imekwisha. Amri ya dmesg huonyesha ushahidi. Waandishi wa mwongozo wanapendekeza RAM ya angalau gigabaiti 8. Mwenye mashine ndogo zaidi hulazimika kupunguza idadi ya kazi za pamoja. Nafasi ya diski nayo hukaguliwa kwa amri ya df -h.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hatari huongezeka. Jhalfs huweka alama kwa kila hatua iliyokamilika, hivyo kazi huweza kuendelea ilipoishia. Lakini anayetumia skripti zake mwenyewe hupoteza thamani ya kigezo cha LFS, kinachoonyesha mahali mfumo mpya unapojengwa. Kigezo hicho kikiwa tupu na amri zikatolewa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, faili huandikwa juu ya mfumo wa mashine mwenyeji na kuweza kuuharibu.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma baada ya umeme kukatika, make pia huchanganyikiwa, kwa kuwa huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha nyakati za faili. Baada ya kosa lolote, ni salama zaidi kulifuta folda la kifurushi na kukifungua upya kuliko kuendelea juu ya mabaki.

Funzo la xz

Kila kifurushi huhakikiwa kwa alama ya uthibitisho, iitwayo md5, ili kubaini kama kimeharibika njiani. Alama hiyo haithibitishi uaminifu wa aliyekitengeneza. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alifichua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali katika Linux.

Msimbo haramu ulifichwa ndani ya faili za majaribio. Sehemu ya hati za ujenzi iliyouamsha ilikuwemo katika kifurushi cha kupakuliwa, lakini haikuwemo katika hifadhi ya wazi ya mradi. Aliyekilinganisha kifurushi na alama yake angeona kila kitu ki sawa.

Kilichomshtua Freund ni kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde, pamoja na ujumbe wa makosa kutoka programu ya Valgrind. Alifuatilia dosari hizo hadi kwenye chanzo chake, na matoleo hayo yakaondolewa kabla ya kufika katika matoleo thabiti ya mifumo mikuu ya Linux inayotegemewa na seva duniani.