LOBEDI: TELA LA KUBEBEA MITAMBO MIZITO

Bila shaka mmekwisha kuona barabarani lile tela refu ambalo sakafu yake iko karibu na ardhi, limebeba katapila au greda, na mbele yake gari dogo lenye bendera nyekundu. Madereva huliita lobedi. Wengi wetu hudhani kwamba tela lo lote lenye nguvu laweza kufanya kazi hiyo. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka kijiji chetu kilipokosa bwawa.

Wazee walichanga fedha kwa kuuza ng'ombe, wakakodi ekskaveta, yaani ule mtambo wa kuchimba ambao wengi huuita kijiko. Ulitoka Babati juu ya lobedi. Ulipobakia mwendo wa kilometa 18, tela lilifika kwenye kalavati iliyoinuka kama nundu, likakaa juu yake kwa tumbo, magurudumu ya mbele upande huu na ya nyuma upande ule. Mtambo ukashushwa, tela likavutwa likatoka. Lakini mwenye mtambo alikataa utembezwe kwa minyororo yake juu ya mawe mwendo wote ule, maana minyororo huchakaa upesi na ni ya bei kubwa. Basi ukarudishwa Babati. Mvua zikanyesha, na mwaka ule ng'ombe wetu walinywa maji ya mbali. Mjomba wangu, ambaye ni dereva wa malori, aliniambia, "Mwanangu, tela lile lilikuwa zima. Kosa ni kwamba halikuchaguliwa kwa njia ile." Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwuliza maswali, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, yafaa kujua kwa nini sakafu iwe chini. Sakafu ya tela la kawaida huwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Ekskaveta ya tani 20 yaweza kuwa na kimo cha mita tatu. Ukiiweka juu ya tela hilo, kimo chote kitakuwa mita nne na nusu: itagusa nyaya, na katika kona itataka kupinduka. Sakafu ya lobedi yaweza kuwa nusu mita tu, na kwa hiyo uzito hukaa chini na mzigo hutulia.

Pili, hapana budi kupiga hesabu ya uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za pamoja zenye matairi pacha, na tani 24 kwa ekseli tatu za namna hiyo. Kwa hiyo lori lenye ekseli hizo zote sita laruhusiwa tani 50. Tuseme kichwa cha lori kina tani 9, tela tani 12, na katapila ya D6 tani 20. Jumla ni tani 41. Safari ni halali, mradi mzigo uwekwe mahali pake ili ekseli moja isilemewe. Lakini katapila ya D8 ina tani 38 hivi. Jumla yake ni tani 59, nayo hupita hata kikomo cha tani 56 cha gari zima. Mzigo huo hutaka ekseli zaidi na kibali maalumu kabla ya kuondoka.

Tatu, tutazame shingo ya tela. Ziko lobedi ambazo shingo yake huchomoka, mtambo ukapanda kwa mbele bila mwinuko mkali. Hizo ndizo zenye sakafu ya chini kabisa, na ni nzuri kwa barabara za lami. Nyingine shingo yake haichomoki, na mtambo hupandia nyuma kwa ngazi za chuma. Hizi ni nyepesi na rahisi kutengeneza. Aina ya namna hii ambayo sakafu yake imeinuliwa kidogo, kama mita moja hivi, hupita vizuri zaidi penye mashimo na nundu.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni njia yenyewe. Weka rula juu ya mpira, utaona jinsi tumbo linavyogusa. Na rula ikiwa ndefu zaidi, hugusa mapema zaidi. Kadhalika tela refu hukata kona kwa ndani. Mtu anayepandisha mtambo Mbulu kwa mteremko wa Magara, au kwa Dareda, sharti aitazame kila kona na kila kalavati kabla ya kukodi tela. Anayekwenda na mashine ya kuvunia ngano huko Basotu, penye nchi tambarare, ataangalia zaidi upana, na ataondoa kichwa cha kukatia na kukibeba mbali.

Mwisho, mtambo ufungwe kwa minyororo katika pembe zote nne, mkono wa kuchimbia ulazwe, na breki za upepo zijaribiwe kabla ya kuteremka.

Sisi wa Mbulu na Hanang twajua jinsi mtambo unavyongojewa. Maporomoko ya tope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba, 2023, yaliua watu zaidi ya 80, na tope lile lilihitaji mitambo kuliondoa. Mtambo usiofika haufai kitu, hata uwe mzuri namna gani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kijiji chako kikitaka kukodi mtambo, usiulize bei yake tu. Uliza utaletwa na tela gani, kisha umpeleke dereva akaione njia. Wazee wetu safari hii wamefanya hivyo. Wamepima kalavati ile kwa kamba, nao wanachanga tena.