Vijiji Juu ya Miamba

Kwa nini mtu ajenge nyumba juu ya mwamba, mahali pasipo na chemchemi, na shamba lake liwe mbali huko chini? Swali hili humjia mtu anayepita pwani ya kusini ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Italia. Huko milima inateremka mpaka kwenye Bahari ya Mediterania. Chini kuna miji ya pwani. Ukiinua macho unaona nyumba za mawe zimeshikamana vileleni kama viota vya mbayuwayu. Hivyo ni vijiji, na vingi vina umri wa miaka 700, 800 au zaidi.

Miji na vijiji hivyo viko karibu karibu. Kwa treni na basi msafiri anaweza kuona kadhaa kwa siku moja. Haya, ndugu msomaji, tufuatane naye.

Tunaanza asubuhi mjini Nice. Huu ni mji mkubwa. Ufuko wake hauna mchanga. Umejaa mawe ya mviringo, na ukiyakanyaga bila viatu utaruka ruka. Kando ya ufuko ipo njia pana ya matembezi, ambayo jina lake maana yake ni Matembezi ya Waingereza. Waingereza matajiri walikuwa wakija hapa kukimbia baridi ya kwao. Katika miaka ya 1820 walichanga fedha, wakawalipa watu wa mji waliokosa kazi ili watengeneze njia hiyo. Kwa hiyo wageni wa pwani hii hawakuanza jana.

Sokoni tunakula socca. Ni unga wa dengu uliokorogwa kwa maji na mafuta ya zeituni, ukaokwa kwenye sinia kubwa ndani ya tanuri. Kilikuwa chakula cha vibarua, nacho kinashibisha.

Sasa tunapanda treni. Baada ya dakika chache tunashuka Villefranche, mji mdogo wenye ghuba ya kina kirefu. Jina lake maana yake ni Mji Huru, na hapa ndipo tunapoanza kupata jibu letu. Zamani watu wa sehemu hii waliihama pwani wakaenda kukaa mlimani. Mwaka 1295 mtawala wa Provence, Charles wa Pili, alitaka bandari iwe na watu. Akatangaza kwamba watakaoteremka kukaa pwani watasamehewa kodi. Hebu fikiri: ghuba nzuri, samaki, biashara, na bado watu walihitaji kubembelezwa ili waje.

Walikuwa na sababu. Anayekaa pwani ndiye wa kwanza kufikiwa na adui. Villefranche kuna njia inayopita chini ya nyumba, yenye giza hata saa sita mchana. Askari waliitumia walipolinda ukuta wa mji. Katika Vita Kuu ya Pili wenyeji walijificha humo wakati wa mabomu. Mwaka 1543 merikebu za Waturuki na za Wafaransa, waliokuwa wameungana, ziliushambulia mji wa Nice. Wakati huo Nice haikuwa ya Ufaransa. Ilikuwa chini ya watawala wa Savoy. Baada ya shambulio hilo watawala hao walijenga ngome kubwa Villefranche, nayo ipo mpaka leo.

Kutoka Villefranche tunaendelea kwa treni hadi kituo cha Èze, kilicho ufukoni. Kijiji chenyewe kiko juu, zaidi ya mita 400 kutoka baharini. Basi lipo, lakini anayetaka kuelewa maisha ya zamani apande kwa miguu. Njia ni ya mawe, yenye kona nyingi, na huchukua zaidi ya saa moja. Ukifika juu ukitweta, kumbuka kwamba mkulima wa zamani alipanda njia za namna hii akiwa na mzigo wa zeituni, yeye au punda wake.

Wenyeji hupenda kusema kwamba vijiji hivi vilijengwa kwa kuwaogopa maharamia Waislamu waliotoka Hispania. Ni kweli maharamia hao walikuwa na kituo karibu na Saint-Tropez, lakini walifukuzwa karibu na mwaka 973. Wataalamu wa historia wanatuambia kwamba vijiji vingi vilijengwa baada ya hapo, kati ya miaka ya 1000 na 1300. Hofu ilikuwepo, lakini makabaila nao walikuwepo. Kabaila alijenga ngome yake kileleni, akawakusanya wakulima kuizunguka. Wakulima walipata ulinzi. Yeye alipata watu wa kumlimia na kumlipa kodi, tena mahali ambapo aliweza kuwaona wote.

Kijiji kilipangwa kwa akili. Nyumba za ukingoni zilishikamana, na kuta zake za nje zikawa ukuta wa kijiji. Lango lilikuwa jembamba. Vichochoro vyenye kona vilimchelewesha adui, na pia vilikinga jua na upepo. Chini ya nyumba walikaa mifugo, juu watu. Mlimani walijenga kuta fupi za mawe, ngazi baada ya ngazi, ili udongo usichukuliwe na mvua. Hapo walipanda mizeituni, mizabibu na mitini.

Taabu kubwa ilikuwa maji. Mwamba hauna kisima. Watu walikinga mvua kwenye mapaa na kuihifadhi katika mabirika, au waliteremka kwenye chemchemi na kupanda tena na ndoo. Vita vilipopungua, ule urefu uliowaokoa ukawa mzigo. Mwaka 1860 Nice ikawa ya Ufaransa, na mwaka 1864 treni ilifika. Kazi zikawa chini, na vijana wakazifuata.

Ngome ya Èze ilibomolewa mwaka 1706 kwa amri ya mfalme Louis wa Kumi na Nne. Leo kwenye magofu yake kuna bustani ya mimea ya jangwani, kwa kuwa mimea hiyo haidai maji mengi.

Mchana tunarudi Nice, kisha tunaelekea magharibi na kuvuka mto Var. Mto huu ulikuwa mpaka wa Ufaransa hadi mwaka 1860. Ndiyo maana kijiji cha Saint-Paul, kilicho juu ya kilima ng'ambo ya mto, kina kuta nene zilizojengwa miaka ya 1540: kilikuwa kikiichunga Nice. Katikati yake kuna chemchemi ya mawe iliyojengwa mwaka 1850, na kando yake mahali pa kufulia. Akina mama waliokuwa wakichota maji wangeweza kutuambia ni kipi walichofurahia zaidi, ukuta au chemchemi ile.

Baadaye wasanii walikipenda kijiji hiki. Mchoraji Marc Chagall amezikwa hapa. James Baldwin, mwandishi Mweusi wa Marekani, aliishi hapa tangu mwaka 1970 mpaka alipofariki mwaka 1987.

Siku hizi nyumba nyingi za ndani ya kuta ni maduka ya picha, mikahawa na hoteli. Bei zake ni kubwa, na wafanyakazi wengi hulala kwingine. Jioni inapoingia, milango ya maduka inafungwa, nao wanateremka kwa basi pamoja na wageni.