Boksi Zito la Townshend

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari ya boksi lililowashinda wabebaji.

Ilikuwa London, miaka ya 1960. Huko Hanwell, upande wa magharibi wa jiji, palikuwa na duka la ala za muziki la mpiga ngoma aitwaye Jim Marshall. Vijana wapiga gitaa walikuwa wakiingia pale na ombi lile lile: tunataka amplifaya yenye sauti. Zilizosifika wakati huo zilitoka Marekani, na bei yake haikushikika. Basi mwaka 1962 Marshall na mafundi wake, akina Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua amplifaya ya kampuni ya Fender iitwayo Bassman, wakaisoma waya kwa waya, kisha wakaunda ya kwao. Wakaiita JTM45.

Siku zikaenda, akaja Pete Townshend wa bendi ya The Who. Yeye alitaka boksi moja lenye spika 8, kila spika inchi 12. Marshall akamwonya kwamba litakuwa zito mno. Townshend akashikilia lake, boksi likaundwa. Haukupita muda, wabeba vyombo wakaanza kulalamikia migongo yao, na Townshend akarudi dukani kuomba ligawanywe. Yakatoka maboksi mawili ya spika 4, moja likapandishwa juu ya mwenzake, na kichwa, yaani amplifaya yenyewe isiyo na spika, kikakaa juu kabisa. Mnara ule mmewahi kuuona kwenye picha za wapiga gitaa wa roki.

Watu wengi huishia hapo kwenye simulizi. Mimi napenda kuzunguka nyuma ya mnara. Kichwa ni kimoja, spika ni 8. Je, nyaya zilifungwaje ili kichwa kisiungue?

Nyuma ya kila spika pana namba: 4, 8 au 16, na mbele yake alama inayofanana na kiatu cha farasi. Hiyo ni omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoukatalia umeme kupita. Namba ikiwa ndogo, umeme unapita kwa wingi. Ikiwa kubwa, unapita kwa shida.

Ukipata spika iliyo kando, isiyoungwa popote, fanya hivi. Weka ncha za mita ya fundi kwenye vituo vyake viwili. Spika imeandikwa 8, lakini mita inasema 6 na ushee. Usidhani umeuziwa feki. Mita inapitisha umeme unaokwenda upande mmoja tu, nao umekutana na waya mwembamba uliosokotwa nyuma ya karatasi ya spika, basi. Sasa isukume ile karatasi kwa ncha za vidole, taratibu, kisha iachie. Tazama namba: inaruka, inashuka, inatulia. Ule msokoto umetembea mbele ya sumaku, na waya ukitembea mbele ya sumaku huzaa umeme. Kumbe spika ikisukumwa, nayo inasukuma!

Umeme wa muziki huenda na kurudi mamia ya mara, hata maelfu, kwa sekunde moja. Kila ukija unakutana na huo msukumo wa spika, tena na ubishi wa msokoto wenyewe, ambao hautaki umeme ugeuke geuke. Jumla ya ukinzani huo wote Mwingereza Oliver Heaviside aliipa jina mwaka 1886, nasi tunaweza kuiita impedansi. Inapanda na kushuka kufuatana na noti unayopiga. Ile 8 iliyoandikwa ni namba ya kupatania tu, ili spika na amplifaya zielewane.

Kwa nini zielewane? Hebu fikirieni baiskeli ya gia. Vali, zile taa za kioo ndani ya amplifaya kama ya Marshall, zina volti (msukumo wa umeme) mamia kadhaa lakini mkondo (wingi wa umeme unaopita) mdogo. Spika inataka kinyume chake: volti chache, mkondo mwingi. Katikati yao inakaa transfoma, na kazi yake ni ile ile ya gia, kuugeuza mlima uendane na miguu ya mwendeshaji. Tuseme transfoma ina mizunguko 20 ya waya upande wa vali kwa kila mzunguko 1 upande wa spika. Zidisha 20 kwa 20 upate 400. Spika ya omu 8, vali zitaiona kama omu 3,200, na huo ndio mlima zilioundiwa. Kwenye tundu lile lile ukichomeka boksi la omu 4, zitaona 1,600; la omu 16, zitaona 6,400. Ndiyo maana nyuma ya amplifaya nyingi za vali pana matundu au swichi yenye 4, 8 na 16. Kila namba ni gia yake.

Ila kuna kosa baya kuliko kukosea gia. Mmewahi kusimama juu ya pedali, mnyororo ukachomoka? Mguu unazama ghafla na goti linakutana na chuma. Amplifaya ya vali ikipigwa bila spika yoyote iko hivyo. Nguvu iliyo ndani ya transfoma inakosa pa kwenda, inarudi kwa vali ikiwa volti kali kupindukia, na cheche zinaweza kuruka kwenye soketi za vali au kutoboa transfoma yenyewe. Fender waliliona hili mapema: tundu la spika katika amplifaya zao nyingi hujifunga lenyewe plagi isipokuwepo, kwa sababu kwa dakika chache vali huvumilia mzigo mzito kuliko kukosa mzigo kabisa.

Amplifaya za transista, ambazo ndizo nyingi siku hizi, zina tabia ya kinyume. Bila spika zinapumzika tu. Zinachoogopa ni omu chache mno. Ikiwa imeandikwa isipungue omu 4, nawe ukaipa 2, mkondo unaongezeka karibu maradufu na joto linaweza kuziua transista.

Sasa turudi kwenye mnara wetu. Ukumbi wenye milango miwili ubavu kwa ubavu hupitisha watu upesi. Milango miwili ya kufuatana, mmoja mbele ya mwingine, huwachelewesha. Spika nazo ni hivyo. Mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa 4. Zikifungwa kwa mfuatano zinakuwa 16. Ile Bassman ilikuwa na spika 4 za omu 8, zote sambamba: omu 2. Marshall wakaenda njia nyingine. Chukua spika 4 za omu 16. Funga mbili kwa mfuatano, upate 32. Funga mbili nyingine vivyo hivyo, 32. Kisha ziweke jozi hizo sambamba, na boksi zima linasoma 16, sawasawa na spika moja tu! Unganisha maboksi mawili ya namna hiyo kwenye kichwa kimoja, nayo yanakuwa sambamba: omu 8. Swichi ya kichwa inawekwa kwenye 8, basi. (Waya wa kuunganishia uwe wa spika, mnene, si ule wa gitaa. Na kichwa cha vali msikifungue hata kikiwa kimezimwa, kwani ndani yake volti hubaki.)

Nawaachia fumbo. Boksi la omu 16, spika 4, muziki unaendelea. Mara waya wa spika moja unakatika, lakini zinanyamaza mbili. Mbona mbili?

Kwa sababu mbili hizo zilikuwa zimefungwa kwa mfuatano. Mlango mmoja ukifungwa, hakuna anayeufikia wa pili. Jozi iliyobaki inaimba peke yake, boksi sasa ni omu 32, na kule juu vali zinauona mlima maradufu ya ule zilioundiwa.